Barua kwa mwanangu: habari ya kiti

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza mara tatu. Mara mbili za mwanzo niliibandika simu sikioni kama redio ya marehemu baba yako, ya tatu mtoto wa kaka yako akaniongezea sauti. Kwa hiyo nimesikia yote, hata pale ulipodhani umeshazima ukashusha pumzi.

Umesema mwakani unatimiza miaka 55, sheria inakuruhusu ustaafu kwa hiari, au usubiri 60 utolewe kwa lazima. Umesema majina ya watu yanakukwama mdomoni, usiku unaamka kanga imerowa yote, miwani uliyonunua mwaka juzi haikutoshi tena, na wale vijana wawili walioletwa ofisini wanafunga hesabu za mwezi wewe bado unatafuta hiyo miwani. Kisha ukauliza: "Mama, nitoke au nibaki?"

Nakujibu kwa kalamu, maana kwenye simu neno likishatoka limetoka. Hapa nikikosea nakata mstari. Mtoto ataipiga picha akutumie.

La joto nitalipitia haraka kwa sababu halina maajabu. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiamka usiku anakwenda kukaa baraza ya nyuma na kipepeo chake, na sisi watoto wake tukaambizana kuwa mama anaswali tahajudi. Tukamwona walii. Mpaka zamu yangu ilipofika, nikiwa na miaka 48, nikajikuta nimekaa baraza ile ile na kipepeo kile kile, ndipo nikaelewa swala yenyewe ilikuwa ipi. Hakuwahi kunambia neno. Na mie sikukwambia wewe, kwa hiyo hapo hatuna wa kumlaumu. Daktari alinieleza kuwa wanawake wengi hukatikiwa na damu ya mwezi baina ya miaka 45 na 55. Vifuko vya mayai vinapunguza homoni, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa kama mlinzi mwenye wasiwasi: joto likipanda kidogo tu anafungua madirisha yote. Kwa wengine huchukua miaka, lakini hupoa. Cha kuangalia ni mifupa, maana homoni ile ndiyo iliyokuwa ikiilinda. Bibi yako nyonga yake hukuiona ilivyovunjika, mie niliiona. Alijikwaa kwenye kizingiti tu. Kula dagaa, kunywa maziwa, tembea kwa miguu, na uache huo mtindo wa kupanda gari kwenda dukani pua na mdomo.

Macho nayo yana sababu. Ndani ya jicho mna lenzi, na kuanzia miaka 40 hivi inakakamaa, haijivuti tena kutazama cha karibu. Unaikumbuka kofia ya viua ya baba yako, ile ya Idi? Niliianza nikiwa na 43. Nikafika nusu, matobo yakaanza kunikimbia. Nikaulaumu uzi, nikailaumu kandili, nikamlaumu na muuza uzi. Mwisho akaimaliza jirani, na ukiitazama hata leo, iko kwenye sanduku, utaona pale mkono ulipobadilika. Baba yako aliivaa miaka kumi na moja hakuona tofauti. Au aliona akanistahi, sijui, na sasa hayupo wa kumuuliza.

Ama kusahau, hilo mwanao ndiye mwalimu wangu. Alipokuja likizo alinifungulia daftari lake la saikolojia, nikamwambia soma polepole, mie pia nilikuwa ticha. Akanambia kuna mtaalamu, Schaie, aliyeanza mwaka 1956 huko Seattle, Marekani, kuwapima watu akili zao, na kila baada ya miaka 7 anawarudia wale wale. Akakuta kuwa kwa wengi uwezo mwingi haushuki kwa kuonekana mpaka baada ya miaka 60. Kinachotangulia kupungua ni kasi, na maneno na maarifa hubaki muda mrefu. Na mwengine, Cattell, aliigawa akili mafungu mawili: ya kung'amua jambo jipya hapo hapo, na ya yale uliyoyakusanya. Ya kwanza huanza kushuka mapema, ya pili inaendelea kupanda.

Nikamwambia mjukuu wangu, hiyo hata wanaocheza bao hapa mtaani wanaijua na hawajapima mtu. Mashimo 32, kete 64. Kijana anahesabu kete kichwani mbio, anajua mkono utaishia wapi kabla hujapepesa. Mzee hahesabu. Mzee anamtazama mtu usoni, anajua leo huyu anaitamani nyumba yake, lile shimo la kete nyingi, anamwachia aje. Kuna siku kijana anashinda, na kuna siku mzee, na siku mzee anaposhinda mtaa mzima unajua.

Hao vijana wako wawili wana ile ya kwanza, Mungu awabariki. Wewe unajua ni nani akileta stakabadhi lazima uigeuze nyuma. Hilo kompyuta haikufundishi.

Sasa, baada ya yote hayo mbona bado nimeisikia ile pumzi? Kwa sababu mie nimesema tokea zamani, nyote mmechoka kunisikia, na nasema tena: kioo hakimzeeshi mtu, watu ndio wanaomzeesha.

Ngoja nikueleze.

Harusi ya mtoto wa shangazi yako, kule Konde, mwaka 2017. Wewe najua unaikumbuka kwa mvua. Mie naikumbuka kwa kiti.

Mpishi wa pilau nilikuwa mie, kama miaka thelathini nyuma yake. Hakuna aliyeniomba na sikumuuliza mtu. Niliteremka kwenye gari na mwiko wangu nimeufunga ndani ya kanga, ule wa mfenesi aliouchonga baba yako, watoto wakapiga kelele "mpishi kaja!" Sufuria tatu, pishi saba kila moja, mafiga chini ya turubai, kuni zimerowa na moshi umetanda mpaka chumba cha bi harusi. Vitunguu nilivikaanga mwenyewe mpaka vikawa rangi ya tende. Thomu, tangawizi, bizari, mdalasini, hiliki, pilipili manga, karafuu chache tu, maana sisi Pemba karafuu hatuoneshani. Nyama ikaiva, supu ikatulia.

Hapo ndipo penye ufundi. Supu ya pilau lazima ikuzidi chumvi kidogo ulimini kabla hujatia mchele, kwa sababu mchele utainywa. Nikadondosha kiganjani, nikaramba. Maji matupu. Nikatia konzi. Nikaonja tena, bado. Nikatia konzi nyengine. Nikahamia sufuria ya pili nikafanya vile vile.

Wifi yako, yule niliyemfundisha mie hata kuchagua mchele, akaja na upawa akaonja. Hakusema kitu. Angelisema "Mama, chumvi imezidi," tungelicheka, ningelimwambia niletee mbatata, tungelimaliza. Akamtazama mwenziwe. Mwenziwe akaonja, akamtazama wa tatu. Yale macho yakazunguka jiko zima kama sahani ya halua, kila mtu anachukua chake, mie tu halijanifikia. Kisha akaja karibu akasema, "Mama, moshi huu si wako leo, hebu kaa upumzike." Na akaupokea mwiko mkononi mwangu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayepokea mtoto mchanga.

Kikaja kiti. Cheupe, cha plastiki, kimetolewa upande wa wanaume, mguu mmoja una ufa umefungwa waya.

Na kiti kile ulikileta wewe.

Nadhani hukumbuki. Ulikifuta maji kwa mtandio wako, ukakikandamiza kujaribu ule mguu, ukanishika bega ukanikalisha. Usoni ulikuwa na huruma. Afadhali ungelinigombeza. Miaka minane sijakutajia, na leo sikukusudia kutaja, nilikusudia kukujibu habari za kazi. Lakini karatasi ishafika hapa, na mstari huu sitaukata.

Nikakaa. Nikawatazama wakipunguza supu, wakitia maji, wakitupia mbatata, kisha mchele, kisha wanapalia makaa juu ya mifuniko. Walifanya vizuri. Mie ndiye niliyewafundisha. Pilau lililiwa, na upande wa wanaume wakaleta salamu kuwa mpishi apewe mkono. Wakaja kunipa mie mkono! Nikaupokea. Wangefanyaje, na mie ningefanyaje?

Watu wetu wanasema penye wazee haliharibiki neno. Pale mzee alikuwapo, neno liliharibika, na aliyeliharibu ndiye huyo mzee.

Tokea siku ile kila shughuli nakikuta kiti kimeshawekwa. Sipiki, naitwa nisome Bismillahi juu ya sufuria. Wanasema ni heshima, na ni heshima, sikatai, lakini heshima ile ina miguu minne ya plastiki. Mwiko uko kwa wifi yako mpaka leo. Hakuurudisha na sikuudai. Mwaka mzima nilimsema. Nilisema ana kijicho, ameutamani mwiko wangu tokea siku aliyoingia ukoo huu, akapata sababu. Akika ya mwanawe sikwenda, nikasingizia magoti. Magoti hayakuwa na kitu.

Kisha ukaja msimu wa karafuu.

Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba nageuza karafuu kwenye jamvi, tokea jua linatoka. Mtoto wa kaka yako, wakati huo mdogo, akarudi skuli, akaziba pua, akasema, "Bibi, harufu yake leo inanipalia." Nikamwambia toka hapo, usilete maringo. Akaingia ndani. Mie nikabaki na mkono juu ya jamvi. Harufu ipi?

Nikainama. Hakuna kitu. Nikachukua konzi nikazisaga viganjani nikazitia puani kabisa, nikavuta. Majani makavu. Mwanangu, mimi nimezaliwa chini ya mkarafuu. Wageni huisikia karafuu hata kabla hawajateremka kwenye gari. Na mie niko juu ya jamvi lenyewe, napekua pua yangu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba mtupu.

Niliona haya kukwambia. Nilikwenda spitali peke yangu, nikamwambia muuguzi nina mafua. Daktari hakushangaa hata kidogo. Alisema katika watu wa miaka 65 mpaka 80, zaidi ya nusu pua zao zimepungua, na wengi hawajijui, kwa sababu haiumi na haiondoki siku moja. Na kile tunachokiita ladha ya chakula, sehemu kubwa yake iko puani, siyo ulimini. Pua ikipungua, chakula kinakuwa baridi mdomoni, na mtu hukimbilia chumvi au sukari. Akaniuliza: "Bibi, siku hizi hutii chumvi nyingi?" Nikamwambia hapana.

Hapana, nilimwambia! Na mie najua sufuria mbili.

Basi ni nani aliyenizeesha, watu au pua? Nimelilalia suali hili miaka. Pua ilitangulia, hilo siwezi kulikataa tena, na pengine ilitangulia mbali. Huenda shughuli mbili tatu kabla ya ile pilau langu lilikuwa limeshazidi, watu wakala kimya. Nikifika hapo nasema, kumbe mwili ndio unaozeesha, na watu wanapokea habari tu. Halafu nasema hapana. Pua haikuniletea kiti. Ningelijua, ningelipima. Sasa hivi napima: kibaba kimoja cha mchele, kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, nimekiwekea alama ya rangi ya kucha ya mwanao. Sionji, nahesabu, na mtoto wa kaka yako hajalalamika. Ujuzi wote wa bizari na moto ninao, kilichopungua ni kitu kidogo kama tundu la pua, na kwa kitu kidogo hicho nikanyang'anywa jiko zima. Wangelinambia tu.

Na hapo tena kuna la kusema. Mwaka jana, kwenye msiba wa kule Ole, wifi yako alinikalia ubavuni akaniambia kuwa siku ile aliniambia. Ati aliniinamia akaninong'oneza mara mbili, "Mama, chumvi," kwa kuwa hakutaka wengine wasikie, na mie sikugeuka. Akadhani nimemkasirikia. Sikutaka kuliamini, na mpaka sasa silitaki. Lakini daktari huyo huyo alishanambia kuwa sikio nalo linapoteza kwanza sauti nyembamba, na mtu akinong'ona ile sauti nene ya kifuani haimo, zimebaki hewa na herufi tu. Ndiyo maana watoto wakisema mbali mbali nasikia vurumai tu, lakini mzee wa msikitini akikohoa namjua ni yeye. Kwa hiyo inawezekana. Inawezekana aliniambia, kwa adabu zote, mahali ambapo sikio langu halipo tena. Naliandika kwa kuwa ni haki yake. Simuombi radhi bado, nasema inawezekana.

Serikali nayo ilinizeesha, lakini hiyo ilifanya kwa tarehe na sikuudhika. Hii Pensheni Jamii ilipoanza, Aprili 2016, kila aliyetimiza miaka 70 apewe shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ya Serikali au alivua pweza maisha yake yote. Mie nilifika 2021. Siku hizi ni 50,000. Siku ya kwanza nilikwenda na kitambulisho nimekaza uso, nikijua ndiyo hukumu, sasa mimi kizee rasmi. Nikawakuta wenzangu niliosoma nao, wengine sijawaona tokea tumevaa sare! Mmoja tuliwahi kugombana kwa ajili ya kalamu ya risasi, akanikumbusha, tukacheka mpaka karani akatutazama. Hakuna anayemwinukia mwenziwe pale. Hakuna anayemwambia mwenziwe "pumzika". Viti ni vichache na wote tuna magoti, kwa hiyo tunavigombania, na kugombania kiti ni kutamu, hujui tu. Foleni ile naipenda. Hata mwezi ambao fedha zimechelewa.

Ndiyo, najua. Umeniuliza habari za kazi.

Kustaafu kwangu 2011 hakukuniuma, nikwambie kweli. Sitini ilikuwa sitini, niliiona ikija tokea mbali kama boti inayokata mkondo, nikaanza kufuga kuku mapema, siku ilipofika nikawaaga watoto nikaondoka na chaki mbili mkobani ambazo mpaka leo sijui kwa nini nilizichukua. Kwa hiyo siwezi kukwambia kuwa kutoka kunaua. Na hesabu za kiinua mgongo, kipi unapoteza ukitoka 55 na kipi unapata ukingoja, wewe mhasibu, zifanye mwenyewe, usimtafute mama wa kukufanyia. Ningelikuwa ndiye wewe, ninge

Mstari huo nimeukata. Wewe mtu mzima, una mume na una wajukuu wanaonyemelea. Bibi yako aliniamulia kila kitu mpaka rangi ya mapazia, na unajua ninavyoyachukia yale mapazia.

Nitakuuliza moja tu. Hao vijana wawili, ukikosea, wanakwambia? Wanakuja mezani kwako wanasema, "Bi Mkubwa, hapa tarakimu imeruka," kwa sauti ya kawaida, mnasahihisha, mnaendelea? Au wanatazamana? Litazame hilo mwezi huu mzima. Ukosee hata kwa makusudi, kidogo, uone. Kama wanakwambia, basi miaka mitano si mingi. Na kama wanatazamana

basi. Nimesema sisemi.

Nimempa mtoto wa jirani anayepanda boti ya Jumamosi konzi mbili za karafuu kwa ajili ya chai yako. Si magendo, usije ukamtia hofu bandarini. Ni za jamvi la mwaka huu, nimezianika mwenyewe siku nne. Zimekauka sawasawa: ukiikunja moja inakatika tak, na ukizibana mkononi zinachoma kiganja. Hayo nimeyahakikisha. Harufu yake, ukifungua, nambie wewe.

Mama yako